Hesabu za Paa la Hiace

Nyuma ya kalenda ya mwaka jana,
kwa kalamu inayokohoa wino,
naandika: friji, wati arobaini.
Haizunguki kutwa nzima, ina pumzi zake:
inaunguruma, inanyamaza,
inakumbuka, inaunguruma.
Tuseme saa tisa kwa siku. Mia tatu na sitini.
Humo italala chanjo ya mdondo
ya kuku wa Mvumi, wa Handali, wa Mpwayungu,
kuku wasiojua kwamba kuna mtu
anawahesabia umeme usiku wa manane.

Taa mbili, arobaini. Simu na redio, ishirini.
Feni ya kichwani, sitini.
Jumla mia nne na themanini.
Napiga mstari mara mbili
kama mwalimu aliyechoka na darasa.

Gari lenyewe lilikuwa la mikate.
Hadi leo likipata moto linanuka hamira,
na mimi, nimelala kwenye kitanda cha futi mbili na nusu,
naota naumuka.

Jua tunalo bure, watu wa Dodoma husema.
Bure kitu gani?
Kwa fundi Chedego, pale Majengo,
jua lina bei, na bei ina vipimo.
Anaigonga paneli kwa ukucha: "Chukua ya mia tatu, mama, utanishukuru."
Nitakushukuru kwa pesa ya nani?
Nachukua ya mia na hamsini.
Zidisha kwa saa tano za jua la kweli,
toa vumbi, toa joto, toa ubishi wa nyaya,
inabaki mia tano na kitu.
Hicho "na kitu" ndicho nitakachoishi nacho.

Betri, ampea mia.
"Nusu ndiyo yako," anasema Chedego,
"nusu ya pili ni ya betri mwenyewe.
Ukimnywa hadi sakafuni, hasamehi."
Nimeishi na watu wa namna hiyo.

Kisha likaja la kivuli.
Gari linataka kivuli, paneli inataka jua,
na vyote viwili nimevifunga kwenye paa moja
kama mke na mume waliooana kwa barua.
Nikiegesha juani, friji itahema mpaka jioni.
Nikiegesha kivulini, itahemea nini?
Nikasema: basi paneli ishuke,
ikae uwanjani kwa waya wa mita kumi na tano.
Chedego akacheka, akanionyesha waya niliouchagua.
"Huu mwembamba, mama, ni mtoto uliyemtuma dukani mbali.
Atarudi, lakini chenji itakuwa pungufu."
Nikanunua mnene. Ukala pesa ya godoro.

Sasa ni usiku, Ipagala, upepo wa Julai unabisha mabati,
na kalenda iko tena magotini.
Mia sita toa mia nne themanini: mia na ishirini.
Robo ya siku.
Mawingu ya Januari hayaji kwa robo.
Yakiamua kukaa juu ya Mpwayungu, yanakaa
kama mgeni aliyeleta godoro lake.

Kitu kimoja lazima kitoke.
Redio? Redio inakula kama kifaranga.
Taa? Usiku watu huja na jogoo kwapani,
wanataka kuniona usoni kabla ya kunipa mia mbili.

Naifuta feni.
Mimi na joto tunajuana tangu utoto,
limenilea, limenichapa.
Chanjo halijui.

Asubuhi mwanangu Ndahani anapiga simu kutoka Manyoni:
"Mama, umefunga ule umeme wako?"
Nimefunga. Nimeweka fyuzi karibu na betri, kama nilivyoambiwa.
Nimeifuta paneli kwa upande wa kanga usio na maneno.
Ndani ya friji kuna chupa moja tu ya maji,
naijaribu.
"Yana baridi?"
Subiri kidogo, nasema,
jua ndiyo kwanza linapanda ukuta wa jirani.